Mtaa wa Kukaa na Watoto: Tusichaguliwe na Tajiri wala Mwuza Ploti

Ndugu wafanya kazi,

Wanachama wengi wametuuliza swali moja, na wengi wa waliouliza ni watu wa Kalama. Wengine wanafanya kazi katika viwanda vya Athi River, wengine Nairobi, wengine hapa mjini Machakos. Wanasema: "Tumechoka kuishi nyumba mbili. Tunataka kukaa na wake zetu na watoto wetu. Je, tuhamie mtaa gani? Mlolongo? Syokimau? Katani? Joska? Au tubaki nyumbani?"

Swali hili ni zuri, na chama kina wajibu wa kulijibu. Lakini kabla sisi hatujafungua mdomo, wako wawili waliokwisha kutangulia kujibu. Wa kwanza ni tajiri, maana yake mwajiri wetu, ambaye husema, "Kaeni mbali, huko nyumba ni rahisi." Wa pili ni mwuza ploti, ambaye husema, "Njoo ununue, ni karibu sana na mji." Mmoja anasema ni mbali na ni vizuri, mwingine anasema ni karibu na ni vizuri. Wote wawili wanapata faida wewe ukiwaamini. Basi katika gazeti hili tunataka kuwajibu wote wawili, na kisha tuseme namna ya kuchagua.

NYUMBA MBILI ZILIANZA WAPI?

Kwanza tukumbuke kwamba desturi ya baba kukaa chumba kimoja Nairobi, na mama na watoto kukaa Kalama, haikuletwa na mila zetu. Ililetwa na mshahara. Katika siku za ukoloni mfanya kazi wa mjini alihesabiwa kama mtu asiye na mke. Alipewa mahali pa kulaza ubavu, na fedha za kununua unga wake yeye peke yake. Nani alilisha watoto? Shamba la Kalama. Nani alilima shamba? Mama. Kwa hiyo mama wa Kalama alikuwa akimsaidia tajiri wa Nairobi kulipa mshahara, na hakupewa hata senti moja kwa kazi hiyo.

Jambo hili hatulisemi sisi tu. Mwaka 1954 kamati ya serikali ya kikoloni iliyochunguza mishahara ya Waafrika, chini ya Bwana Carpenter, ilikiri kwamba mshahara wa chini ulikuwa ukipimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na familia. Ikapendekeza kwamba upimwe kwa mahitaji ya mtu mwenye mke na watoto. Mwaka ule ule vyama vya wafanya kazi vilikuwa vikipiga kelele juu ya jambo hilo hilo. Tom Mboya, aliyezaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, alikuwa ameajiriwa na Baraza la Mji wa Nairobi kukagua usafi kabla ya kuongoza vyama vya wafanya kazi. Alijua watu wanaishi vipi ndani ya kuta zile.

Sasa ni zaidi ya miaka 70. Mkoloni amekwenda zamani. Lakini mwulize kijana wa Muumandu anayefanya zamu ya usiku Athi River: mkewe yuko wapi? Yuko nyumbani. Watoto wake anawaona lini? Mwisho wa mwezi, kama nauli ipo. Kwa watu kama hawa ripoti ya mwaka 1954 ni kama haijaandikwa.

JIBU LETU KWA TAJIRI

Tajiri anasema, "Mtu akikaa mbali hulipa kodi ndogo ya nyumba." Haya, na tuhesabu pamoja.

Tuseme chumba kilicho karibu na kazi ni Sh 6,000 kwa mwezi, na chumba kama hicho mtaa wa mbali ni Sh 3,500. Umeokoa Sh 2,500. Lakini sasa unalipa nauli, tuseme Sh 100 asubuhi na Sh 100 jioni. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni Sh 5,200. Uliokoa Sh 2,500 ukatoa Sh 5,200! Hizi ni hesabu za mfano tu. Kila mtu aweke bei za njia yake mwenyewe, na aandike kwenye karatasi kabla ya kuhama, si baada ya kuhama.

Tena fedha ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni saa. Mtu anayekaa njiani saa 2 kwenda na saa 2 kurudi anatumia saa 4 kila siku. Kwa siku 26 ni saa 104. Ukizigawa kwa siku ya kazi ya saa 8 unapata siku 13. Siku 13 kila mwezi mfanya kazi huyu anafanya kazi ya kukaa ndani ya matatu, na hakuna anayemlipa. Anaondoka watoto wamelala, anarudi watoto wamelala. Amehama Kalama ili akae na watoto wake, na bado hawaoni.

Basi anayefaidika ni nani? Ni tajiri. Maana kama mfanya kazi amekubali kukaa mbali, tajiri haulizwi tena juu ya nyumba.

Lakini sheria inamwuliza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, inasema kwamba mwajiri, kwa gharama yake mwenyewe, atampa mfanya kazi nyumba inayofaa mahali pa kazi au karibu napo. Asipotoa nyumba, lazima amlipe, juu ya mshahara wake, fedha za kutosha kupata nyumba inayofaa. Ndugu, soma tena maneno hayo: "fedha za kutosha", na "inayofaa". Haikusema fedha za kupata kitanda, wala haikusema nyumba iliyo saa mbili kutoka kazini.

Sasa tuangalie tunacholipwa. Katika amri ya mishahara ya chini iliyoanza Novemba 2024, kibarua wa kawaida katika jiji la Nairobi aliwekewa Sh 16,113.75 kwa mwezi. Posho ya nyumba kwa mshahara wa chini ni asilimia 15, yaani Sh 2,417 hivi. Yule wa Mavoko na wa mji wa Machakos aliwekewa mshahara mdogo zaidi ya huo, kwa hiyo na posho yake ni ndogo zaidi. Tunawauliza waajiri: mtuonyeshe Nairobi nyumba inayofaa mtu na mke na watoto watatu kwa Sh 2,417. Tutakuja kuitazama sote, na tutaleta na wapiga picha!

Tena kuna ujanja mwingine. Sheria ile inakubali posho ya nyumba ichanganywe ndani ya mshahara kama mkataba umesema hivyo. Waajiri wengine wanaandika neno moja tu kwenye mkataba, kwamba mshahara huu "una nyumba ndani yake", bila kuongeza hata shilingi, na mfanya kazi anatia sahihi. Wanachama, msitie sahihi karatasi ambayo hamjaisoma. Ileteni kwa karani wa tawi kwanza.

Juu ya hayo kuna kodi ya nyumba za bei nafuu. Ilianza kukatwa mwaka 2023, mahakama ikaikataa Novemba mwaka ule, kisha ikarudi kwa sheria mpya Machi 2024. Sheria hiyo inamtoza mfanya kazi asilimia 1.5 ya mshahara wake wote, na mwajiri naye asilimia 1.5. Kibarua tuliyemtaja, mshahara na posho yake ikiwa Sh 18,530, atakatwa Sh 278 hivi kila mwezi. Hatusemi nyumba zisijengwe. Tunasema aliyekatwa ana haki ya kuuliza: nyumba hizo zinajengwa wapi, maji yako wapi, shule iko wapi, na kiwanda kiko umbali gani? Anayelipa ana haki ya kusema.

JIBU LETU KWA MWUZA PLOTI

Huyu wa pili ana maneno matamu. Ana picha ya nyumba nzuri yenye bustani, na mtoto mwenye baiskeli. Anakuambia, "Dakika 20 kutoka Nairobi." Kweli, barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022 inatoka Mlolongo mpaka Westlands, kilomita 27, na mwenye gari lake na fedha zake huenda upesi. Lakini wewe husafiri na dakika za mwuza ploti. Unasafiri kwa matatu inayopita chini katika msongamano, na kabla ya kufika kituoni umetembea nusu saa kutoka kwenye ploti.

Tena anakupeleka kutazama lini? Jumapili, saa nne ya asubuhi, jua linawaka, kwa gari lake. Nyanda za Athi zina udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi hupasuka, na mvua ikinyesha hushika kiatu na kukataa kukiachia. Ndiyo maana hakupeleki mwezi wa Aprili.

Halafu kuna jambo la hati. Watu wetu wameumia sana hapa. Novemba 2011 nyumba nyingi za Syokimau zilibomolewa kwa tingatinga, kwa sababu ilisemwa kwamba ardhi ile ni ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Oktoba 2023 zilibomolewa nyumba nyingine huko Mavoko, baada ya mahakama kuamua kwamba ardhi ile ni mali ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Waliobomolewa wengi walikuwa wamenunua kwa fedha zao, wamejenga kwa mikopo, na wengine walikuwa na makaratasi mkononi. Kumbe karatasi ya mwuzaji si hati. Waliuziwa mbuzi ndani ya gunia, na gunia lilipofunguliwa mbuzi hakuwamo.

Kwa hiyo usitoe hata shilingi ya kwanza kabla hujafanya mambo haya. Nenda mwenyewe kwenye ofisi ya ardhi ukatafute jina la mwenye hati, wala usimtume dalali. Mlipe mpima ardhi akuonyeshe mawe ya mipaka. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, lazima ipatikane idhini ya bodi ya ardhi. Uliza kama mke wa mwenye shamba ameridhia. Waulize wazee wa pale, hasa wale wasiopata kitu katika biashara ile. Na mkiweza, nunueni pamoja kwa njia ya chama cha akiba na mikopo au ushirika wa nyumba, ili wakili mmoja awatetee watu 50 badala ya kila mtu kulia peke yake.

BASI TUCHAGUE NAMNA GANI?

Sisi tunasema mtaa upimwe kwa siku moja ya familia, tangu alfajiri mpaka usiku. Usipime kwa picha, wala kwa jina la mtaa, wala kwa kuta zilizopakwa rangi. Keti na mke wako, au na mume wako, mwite na mtoto mkubwa, mwulizane:

(a) Maji. Yanatoka wapi? Katika sehemu nyingi za Mavoko maji ya bomba ni shida, na watu hununua kwa boza na kwa mitungi. Maji ya visima vingi vya huko yana chumvi. Tuseme familia inatumia mitungi 6 ya lita 20 kwa siku. Kwa mwezi ni mitungi 180. Mtungi ukiwa Sh 20, hiyo ni Sh 3,600. Mmeona? Maji peke yake yameizidi ile posho ya nyumba.

(b) Shule. Iko shule ya serikali ambayo mtoto wa miaka 6 anaweza kwenda kwa miguu bila kuvuka barabara kuu? Barabara ya Mombasa haina huruma kwa watoto. Kama hakuna shule karibu, ongeza ada ya shule ya watu binafsi katika kodi ya nyumba, maana utailipa.

(c) Kazi ya mama. Wengine huchagua mtaa kwa kutazama kazi ya baba tu. Dada zetu wa viwanda vya nguo vya EPZ pale Athi River wanaamka mapema kuliko sisi. Nani atamshika mtoto mchanga? Je, njia ya kurudi saa mbili usiku ina taa na ina watu? Na yule mama asiye na mshahara alikuwa na shamba na kuku na chama chake huko Kalama. Ukimleta kwenye chumba kimoja bila shamba na bila kazi, umempunguzia mali, hata kama umemwongezea umeme.

(d) Ugonjwa. Mtoto akishikwa na homa saa nane ya usiku, mtafika wapi, na kwa chombo gani?

(e) Jirani. Tazama moshi na vumbi. Usijenge chini ya upepo wa kiwanda. Watu wa Owino Uhuru huko Mombasa walikaa ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, risasi ikaingia katika damu ya watoto wao. Ilibidi waende mahakamani, na mwaka 2020 mahakama ikaamua walipwe Sh 1.3 bilioni. Lakini damu ya mtoto hairudishwi na hukumu.

(f) Watu. Sisi Wakamba tuna neno utui, yaani wale wa boma jirani wanaojuana, wanaosaidiana na wanaozikana. Mtaa usio na utui ni kambi. Uliza: kuna chama cha wakazi? Kuna kanisa au msikiti ambao watu wanajuana? Mtoto akipotea, nani ataita jina lake?

Kisha nenda ukatazame mara mbili: mara moja saa kumi na moja alfajiri siku ya Jumatatu, na mara moja baada ya mvua. Panda matatu ile ambayo utaipanda kila siku, na ushike saa mkononi. Zungumza na mpangaji, usizungumze na mwenye nyumba tu.

Ukifanya hivyo, majibu hayatakuwa sawa kwa wote. Anayefanya kazi hospitalini au madukani Machakos, ambaye ana nyumba yake upande wa Kola, kando ya barabara ya Wote, huenda akaona kwamba mtaa mzuri kuliko yote ni Kalama yenyewe. Ana hewa ya vilima, ana shamba lenye matuta waliyochimba wazee kwa mwethya, ana jamaa wa kumtazamia watoto, na kazini anafika asubuhi na kurudi jioni. Huyu asione haya kwa sababu shemeji yake amenunua ploti Syokimau. Lakini mtu wa zamu ya usiku katika kiwanda cha Athi River hawezi kwenda na kurudi Kalama kila siku. Huyu anahitaji nyumba ya familia karibu na kiwanda. Na hapa ndipo tunaporudi kwa tajiri, maana ni deni lake.

"HAYA SI MAMBO YA CHAMA"

Tunajua wako watakaosema, "Chama kishughulike na mishahara. Mtu na mkewe wakae wapi si kazi ya chama." Wengine wasemao hivyo ni wanachama wenzetu, na tunawajibu kwa heshima.

Ndugu zetu, mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipowalazimisha Wakamba kupunguza ng'ombe wao, na kiwanda cha nyama kikiwa kimefunguliwa pale Athi River, watu waliweza kusema ng'ombe ni jambo la kila boma peke yake. Hawakusema hivyo. Muindi Mbingu na wenzake walitoka Machakos wakaenda Nairobi kumwona Gavana, wanaume na wanawake na watoto, wakakaa huko majuma mengi. Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu. Lakini serikali iliacha kuwanyang'anya ng'ombe kwa nguvu. Walishinda kwa sababu shida ya kila boma waliifanya kuwa shida ya wote.

Nyumba ni vivyo hivyo. Kila mmoja wetu akitafuta chumba chake peke yake, akihama kila kodi ikipanda, akienda mbali zaidi na zaidi, tutamaliza maisha yetu tukiwa njiani. Mshahara ukipanda Sh 1,000 na nauli ikala Sh 1,000, chama kimeshinda nini?

TUNATAKA NINI

Katika mazungumzo yajayo na waajiri, tunapendekeza wanachama wote wasimame juu ya mambo haya:

1. Posho ya nyumba iandikwe peke yake katika karatasi ya mshahara, ionekane, na ipimwe kwa kodi ya kweli ya nyumba ya familia iliyo karibu na kazi.

2. Mwajiri asiyetoa nyumba karibu na kazi, wala posho ya kutosha, atoe basi la wafanya kazi, hasa kwa zamu za usiku na kwa akina mama.

3. Zamu zipangwe na kutangazwa mapema, ili mtu ajue kama ataweza kukaa na watoto wake.

4. Nyumba zinazojengwa kwa fedha tunazokatwa zisitolewe kwa siri. Wafanya kazi wajue orodha, bei, na mahali.

5. Tawi lianzishe daftari la mitaa. Kila mwanachama aandike kodi anayolipa, nauli, bei ya mtungi wa maji, na saa anazotumia njiani. Daftari hilo tutalipeleka mezani mbele ya tajiri. Akisema huko mbali ni rahisi, tutamfungulia ukurasa asome.

Hili la tano halimngojei mtu. Lianze mwezi huu. Wanachama wa Kalama waliorudi nyumbani mwisho wa juma wawape majina na hesabu zao wajumbe wetu wa Kola na Muumandu. Wa viwandani wawape wajumbe wa idara zao. Asiyejua kuandika aseme, ataandikiwa.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye gari hajui saa za mpanda matatu. Basi tumjulishe.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenu katika kazi,
Kamati ya Tawi